Je, Wajua? "Kila", "Kuna" na "Fulani": Mantiki kutoka Mnero

Ukipanda bodaboda mjini Nachingwea ukasema "nipeleke Mnero", dereva mwangalifu atauliza kabla hajawasha pikipiki: Mnero ipi? Kuna Mnero Ngongo, kuna Mnero Miembeni, na kuna Kipara Mnero. Kata tatu zimegawana jina moja. Ukivuka kwenda wilaya jirani ya Ruangwa utakuta jambo la kushangaza zaidi, kwani ndani ya wilaya hiyo nako kuna kata iitwayo Nachingwea.

Je, wajua kwamba swali la dereva huyo ndilo swali la kwanza la somo zima linaloitwa mantiki ya daraja la kwanza? Katika lugha hiyo kila jina sharti lielekeze kitu kimoja tu. Mnero tupu haikubaliki. Mnero Ngongo inakubalika. Jina likishajulikana linaelekeza wapi, ndipo unaweza kuuliza kama yanayosemwa juu yake ni kweli au si kweli. Kabla ya hapo hakuna cha kuuliza.

Lugha yenyewe ni ndogo mno. Ina majina, ina sifa (mrefu, mkulima), ina mahusiano (ni mjomba wa, ni jirani wa), ina viungo vinne au vitano kama "na", "au", "si" na "ikiwa", halafu ina maneno mawili yanayobeba uzito wote: "kila" na "kuna". Basi. Kwa vifaa hivyo vichache unaweza kuandika sehemu kubwa sana ya hisabati inayofundishwa duniani. Mimi hushangaa kila ninapoliwaza hilo.

Neno "mantiki" tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake una maana ya kutamka. Neno "daraja" nalo linahitaji kufafanuliwa, maana mkulima wa korosho akisikia "daraja la kwanza" anawaza ubora wa mzigo uliopimwa ghalani. Hapa daraja ni kiwango cha vitu ambavyo "kila" linaruhusiwa kuvipitia. Katika daraja la kwanza unasema kila mti, kila mtu, kila gunia. Ukitaka kusema "kila sifa ambayo mti unaweza kuwa nayo", umepanda daraja la pili, na huko mambo hubadilika kabisa.

Je, wajua kwamba alama ya "kila", ∀, ni herufi A iliyopinduliwa kichwa chini? Aliyeianzisha ni Mjerumani Gerhard Gentzen, katika makala yake ya mwaka 1935. A hiyo ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya "wote". Alama ya "kuna", ∃, ni E iliyogeuzwa, na ni ya zamani kidogo: Mwitalia Giuseppe Peano aliitumia mwaka 1897. Lakini wazo lenyewe, la kuyapa maneno hayo mawili nafasi ya pekee, lilichapishwa mwaka 1879 katika kitabu chembamba cha Gottlob Frege, mwalimu wa hisabati katika chuo kikuu cha Jena. Frege hakutumia herufi zilizopinduliwa. Aliichora mistari inayopanda na kushuka kama matawi, na wasomaji wake wengi walishindwa kumfuata.

Je, wajua kwamba kauli haina ukweli wala uongo mpaka uipe ulimwengu wa kuishi? Mpoland Alfred Tarski ndiye aliyeliweka jambo hili sawasawa, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1933. Mfano wake maarufu ulihusu theluji. Sisi tuseme ufuta, zao ambalo Nachingwea na Ruangwa wanalijua vizuri zaidi. Kauli "ufuta ni mweupe" ni kweli ikiwa ufuta ni mweupe, basi. Maneno yako upande mmoja, ufuta wenyewe uko upande wa pili, na ukweli ni uhusiano kati ya pande hizo mbili. Wapo wanaosema hilo halina jipya. Lakini Tarski alionyesha namna ya kulipanua hadi kwa kauli ndefu kiasi chochote, hatua kwa hatua, ukianzia vipande vidogo. "Kila mkulima ana mkorosho" ni kweli katika kijiji hiki ikiwa ukimchukua mkulima mmoja mmoja, bila kumruka hata mmoja, utamkuta na mkorosho. Ukihamia kijiji cha jirani kauli ni ile ile, ila jibu linaweza kugeuka. Wanamantiki wanaiita sehemu hii ya somo semantiki, yaani elimu ya maana.

Je, wajua kwamba kila treni iliyofika Nachingwea leo asubuhi ilikuwa imejaa korosho? Ni kweli kabisa. Na kila treni iliyofika Nachingwea leo asubuhi ilikuwa tupu. Hiyo pia ni kweli. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Leo hapafiki treni. Na katika mantiki ya daraja la kwanza, "kila A ni B" huvunjwa kwa njia moja tu: kuleta A mmoja ambaye si B. Anayepinga kwamba treni zote zilijaa, atuletee treni moja ambayo haikujaa. Hanayo.

Wazee wa mantiki hawakulikubali jambo hili. Aristotle, na baada yake Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walitaka anayesema "kila treni" awe nazo treni za kusemea. Baada ya Frege sharti hilo liliachwa, na ninaona liliachwa kwa haki. Mkaguzi anayeandika "kila mzigo uliokataliwa ulirudishwa kwa mwenyewe" asilazimike kubadili sentensi katika msimu ambao hakuna mzigo uliokataliwa. Kinachompasa msomaji ni kuuliza swali la pili: je, ilikuwepo?

Je, wajua kwamba Kiswahili kinaweza kukuponza hapa hapa? Karani anapotoka ghalani akasema "magunia yote hayajapimwa", amesema nini? Huenda anamaanisha hakuna hata moja lililopimwa. Huenda anamaanisha bado hayajakwisha, mengine yamepimwa na mengine bado. Kwa mkulima aliyeleta mzigo wake jana, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama angoje au arudi nyumbani. Kwa alama za mantiki hakuna namna ya kuzichanganya, kwa sababu unalazimika kuamua "si" likae mbele ya "kila" au nyuma yake. Kiswahili nacho kina dawa, tukitaka kuitumia: "si magunia yote yaliyopimwa" kwa maana moja, "hakuna gunia lolote lililopimwa" kwa maana nyingine. Ningependa tuizoee, hasa katika mikataba na matangazo ya minada.

Sasa tufike kwenye uthibitisho, na hapa nitakaa zaidi.

Je, wajua kwamba maneno mawili ya Kiswahili cha kila siku, "yeyote" na "fulani", ni kanuni mbili kuu za kuthibitisha? Mwaka 1934 Stanisław Jaśkowski nchini Poland, na Gentzen huko Göttingen, kila mmoja kwa njia yake, walichoka na mifumo ya uthibitisho iliyokuwepo. Mifumo hiyo ilianza na kauli chache za msingi na kanuni moja au mbili, na uthibitisho wa jambo dogo ulikuwa mrefu na usiofanana na namna mtu yeyote anavyofikiri. Wakataka mfumo unaofuata mwendo wa fikra za watu. Gentzen aliuita wa asili.

Tuchukue mfano wa kwetu. Wamwera, wenyeji wa sehemu hizi, kama jirani zao Wamakonde, Wayao na Wamakua, kwa jadi walihesabu ukoo upande wa mama, na mjomba alikuwa mtu mzito. Tuseme tumeambiwa hivi: kuna mzee mmoja ambaye kila kijana wa kijiji humwamkia asubuhi. Tunataka kuthibitisha kwamba kila kijana ana mzee anayemwamkia.

Tunaanza. Tumeambiwa mzee huyo yupo, lakini hatukutajiwa jina. Tumwite Fulani. Sasa tumchukue kijana yeyote, bila kuchagua. Kwa kuwa kila kijana humwamkia Fulani, kijana wetu naye humwamkia Fulani. Kwa hiyo yuko mzee ambaye kijana huyu humwamkia. Na kijana huyu alikuwa yeyote. Hatukutumia urefu wake, ukoo wake wala shamba la baba yake. Basi hivyo ndivyo ilivyo kwa kila kijana. Imethibitika.

Tujaribu kinyume chake. Tumeambiwa kila kijana ana mzee anayemwamkia. Je, yuko mzee mmoja anayeamkiwa na vijana wote? Tumchukue kijana yeyote. Yuko mzee anayemwamkia, tumwite Fulani. Hadi hapa ni sawa. Kinachobaki ni kusema kwamba vijana wote humwamkia Fulani, na hapo ndipo Gentzen anatuzuia. Fulani huyu ametokana na kijana tuliyemshika. Tukimwachia kijana yule na kumshika mwingine, Fulani naye amebadilika. Kanuni inasema: huwezi kutoka kwa "yeyote" kwenda kwa "kila" ukiwa bado unamtaja Fulani aliyekuja na yeyote huyo.

Na tazama upande wa pili, wa semantiki. Je, tunaweza kuujenga ulimwengu ambamo kila kijana ana mzee anayemwamkia, lakini hakuna mzee mmoja anayeamkiwa na wote? Ni rahisi. Chukua kijiji chenye vijana wawili na wajomba wawili, kila kijana akimwamkia mjomba wake na kumpita yule wa mwenzake. Watu wanne tu wamemaliza hoja. Kanuni ya Gentzen haikujua habari za wajomba, lakini ilikataa mahali pale pale ambapo ulimwengu ungekataa.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili. Gentzen mwenyewe hakuishi kuona lilivyoenea. Alikamatwa Prague mwezi Mei 1945 na akafa kizuizini tarehe 4 Agosti mwaka huo, kwa njaa, akiwa na umri wa miaka 35.

Je, wajua kwamba kukubaliana huko kwa kanuni na ulimwengu si bahati? Zipo njia mbili za kujua kama hoja ni halali. Ya kwanza ni kuukagua kila ulimwengu unaowezekana na kuona kama kuna wowote unaoivunja. Kazi hiyo haina mwisho, kwa kuwa malimwengu hayana idadi. Ya pili ni kukaa mezani na karatasi, kufuata kanuni chache, na kufika au kutofika. Kwamba njia ya karatasi haidanganyi, yaani inachokithibitisha ni halali katika kila ulimwengu, si vigumu kuonyesha. Unakagua kanuni moja moja. Swali gumu ni lile lililoulizwa na David Hilbert na Wilhelm Ackermann katika kitabu chao cha mwaka 1928: je, karatasi inatosha? Kila kilicho halali kina uthibitisho, au kuna mambo ya kweli katika malimwengu yote ambayo kanuni hazitayafikia kamwe?

Aliyejibu alikuwa mwanafunzi wa Vienna mwenye miaka 23, Kurt Gödel, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1929. Jibu lake: inatosha. Kila hoja ya daraja la kwanza iliyo halali ina uthibitisho wenye hatua zenye kikomo. Watu wengi wamemsikia Gödel kwa jambo aliloonyesha miaka miwili baadaye, kwamba hesabu za namba haziwezi kukamilishwa na kanuni zozote, na kwa hiyo hudhani kazi yake yote ilikuwa kubomoa. Alianza kwa kujenga.

Wakulima wa kusini waliziona njia hizi mbili mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki, kwa sababu ya hofu ya kangomba, yaani wachuuzi walionunua korosho za wakulima kwa bei ya chini na kuzipeleka ghalani kama zao. Mwenye karatasi alionyesha karatasi. Lakini wenye mizigo mikubwa waliulizwa pia mashamba yao yako wapi, yakaangaliwe. Karatasi ni uthibitisho, na kwenda shambani ni semantiki. Gödel angetuambia kwamba kwa mantiki tupu hakuna haja ya kwenda shambani. Lakini karatasi ya mkulima inahusu shamba hili moja, wala si malimwengu yote. Ndiyo maana waliotumwa walikwenda.

Je, wajua kwamba hoja inaweza kuwa halali kabisa na bado ikakuzamisha? Nachingwea inabeba ushahidi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga katika sehemu tatu za Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilidhaniwa mvua zingetosha, ardhi ingesafishwa kwa haraka kwa mashine, na udongo ungekubali. Ikiwa yote hayo ni kweli, basi karanga nyingi zingepatikana. Hatua hiyo ya mwisho sioni kosa ndani yake. Kosa lilikuwa kwenye zile "ikiwa". Kongwa mvua zilikosekana na udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na msitu ulishinda matingatinga. Mwanzoni mwa 1951 mradi uliachwa, hasara ikiwa ya pauni zipatazo milioni 36. Kanuni za uthibitisho hulinda ukweli zinaopewa mwanzoni. Haziuzalishi, na kazi ya kuukagua udongo haijawahi kuwa yao.

Je, wajua kwamba kuna kauli ambayo hakuna shamba lolote duniani lenye mkorosho hata mmoja linaloweza kuitimiza, na bado mantiki haioni ubaya wowote ndani yake? Ni hii: kila mkorosho una mkorosho mwingine unaouzidi urefu, hakuna mkorosho unaojizidi wenyewe, na mkorosho unaouzidi wa pili huzidi pia yote iliyozidiwa na huo wa pili. Ingia shambani uanze na mti wowote. Kuna mrefu zaidi, na mrefu zaidi ya huo, wala huruhusiwi kurudi kwenye mti uliokwisha kuupita. Shamba lenye miti elfu litakuishia, na lenye milioni pia. Lakini ukichukua namba badala ya miti, kauli inatulia, maana namba haziishi. Sasa mtu wa vitendo atasema: mimi sina haja na malimwengu yasiyo na mwisho, nipeni kanuni za mashamba ya kweli peke yake. Mwaka 1950 Boris Trakhtenbrot wa Umoja wa Kisovieti alionyesha kwamba kanuni hizo hazipo. Ukijifungia kwenye malimwengu yenye kikomo, hakuna orodha ya kanuni itakayofikia kila kilicho halali humo. Ukamilifu wa Gödel unaulipia kwa kuruhusu yasiyo na mwisho. Sijui matokeo mengine yanayokwenda kinyume na mategemeo ya mtu wa shambani kama haya.

Kwa ufupi, mawili ya kompyuta. Hifadhidata nyingi zinazotunza orodha za watu, mizigo na malipo zimesimama juu ya wazo la Edgar Codd wa kampuni ya IBM, la mwaka 1970, na kiini chake ni mantiki hii hii: ukiuliza "nipe kila mkulima ambaye kuna mzigo alioupeleka na hakuna malipo aliyopokea", umeandika kauli ya daraja la kwanza na kuiachia mashine itafute ndani ya ulimwengu wa orodha. Na mwezi Oktoba 1996, programu iliyoandikwa na William McCune nchini Marekani ilifanya kazi siku nane mfululizo ikapata uthibitisho wa dai la Herbert Robbins, lililowashinda wanahisabati tangu miaka ya 1930.

Hilo la McCune linaleta swali la mwisho. Ikiwa kila kilicho halali kina uthibitisho, na mashine inaweza kuzipitia thibitisho zote kwa zamu, fupi kwanza na ndefu baadaye, kwa nini tusiiachie mashine maswali yote?

Je, wajua kwamba mjini Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni? Jina limebaki pale reli ilipoondoka. Fikiria mtu aliyeketi hapo anangoja treni, asiyejua habari za reli. Treni ikija atajua imekuja. Isipokuja leo, huenda imechelewa. Kesho pia huenda imechelewa. Hakuna saa itakayogonga imwambie sasa haiji kabisa. Mashine inayotafuta uthibitisho iko hivyo hivyo: uthibitisho ukiwepo siku moja itaufikia, usipokuwepo itaendelea kutafuta, na kutoka nje huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Mwaka 1936 Alonzo Church nchini Marekani na Alan Turing nchini Uingereza walionyesha, kila mmoja peke yake, kwamba hakuna njia moja ya kimashine itakayoamua kwa kila kauli kama ni halali au la.

Mtu wa Stesheni atapata mwenyeji wa kumwambia kwamba vyuma viling'olewa. Kwa baadhi ya kauli mwenyeji wa namna hiyo hupatikana: mtu anajenga ulimwengu mdogo, vijana wawili na wajomba wawili, anakuonyesha, unainuka unaondoka. Kwa kauli nyingine ulimwengu unaozivunja hauna mwisho, kama ule wa namba uliotimiza kauli ya mikorosho, na hakuna aliyekwisha kuuchora. Hapo mashine inaendelea kutafuta.